Karo halina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mume na mke wakigeuza nyumba yao kuwa ya wageni, kulala na kifungua kinywa, kwa njia zinazotunza mazingira, watapata faida hapa Dar es Salaam? Jibu langu la haraka ni hapana, na sababu si bei ya vyumba. Kabla ya faida kuna swali lingine: maji waliyooga wageni jana usiku yamekwenda wapi? Nazungumzia karo, yaani tanki la majitaka lililofukiwa ardhini.

Mtu akisikia habari ya kutunza mazingira hutazama juu ya paa. Sola, makuti, mianzi. Makuti hayo hayo ndiyo yanayomnyima mwenye nyumba mvua, kwa sababu maji yake hutoka na rangi ya chai na takataka tele, hayafai kuvunwa. Bati la mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 10, hushusha lita 1,000. Toa zinazopotea, kama 800 zinaingia kwenye simtanki. Kwa mji wenye masika na vuli huo ni utajiri, ilimradi maji ya dakika za mwanzo yamwagwe nje na kila mdomo wa tanki ufungwe wavu. Waliougua dengue mwaka 2019 wanajua mbu wa mchana huzaliana wapi. Tena kutotumia mifuko ya plastiki kusiwekwe kwenye tangazo kama sifa. Tangu tarehe 1 Juni 2019 hiyo ni sheria.

Sasa njooni kwenye nyumba moja ya Kigamboni, upande wa Mjimwema, ya mume na mke, vyumba vinane. Walijitahidi kweli. Sabuni kwenye chupa za kujaza upya, vitumbua na mihogo badala ya mikate ya dukani, maganda yote kwenye mboji. Katikati ya Aprili, nyumba imejaa, vyoo vikaanza kunguruma. Ukivuta maji chumba namba tatu, bafu la namba nne linatoa mapovu. Jumatatu saa nne asubuhi chemba iliyo karibu na jiko ikafurika, wageni wako mezani na uji wa ulezi.

"Baba Asha, si ulisema karo lilinyonywa?"

"Mama Asha, mimi nilijua unalifuatilia wewe, maana liko nyuma ya jiko lako."

Gari la majitaka likaja, likanyonya, likaondoka. Siku ya pili jioni shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya karo ili yazame mchangani, limejaa tena. Hapo ndipo ilipotakiwa kueleweka kwamba kilichojaa si uchafu, ni maji ya ardhini. Shimo hilo lilichimbwa futi kumi mwezi wa Septemba, mchanga ukiwa mkavu kabisa, fundi akasifiwa. Masika ilipokolea, maji ya ardhini yalipanda mpaka ndani ya shimo. Badala ya shimo kunyonya, likawa linanyweshwa. Kati ya sakafu ya shimo na kimo cha juu kabisa cha maji ya ardhini inatakiwa ibaki angalau mita 1.5, na kutoka shimo hadi kisima mita 30. Kisima chao kilikuwa hatua kumi na mbili, na maji yake ndiyo wageni waliyopigia mswaki.

Kosa la pili ni shuka. Zote zilifuliwa Jumatatu, mashine inajazwa mara saba mfululizo. Maji mengi yakiingia kwa mkupuo hukoroga tope lililotulia chini ya karo, tope linasukumwa kwenye shimo la kunyonya na kuziba mchanga. Shimo likishaziba hivyo, gari la kunyonya halisaidii tena. Dawa ya kung'arisha shuka nayo, ikizidi, huua bakteria wanaomeng'enya kinyesi.

Suluhisho la makosa hayo lilikuwa hivi. Maji ya bafu na ya kufulia yakapewa bomba lake, la jikoni likapita kwanza kwenye mtego wa mafuta unaosafishwa kila wiki, yote yakaelekezwa kwenye mtaro wa kokoto uliozungukwa na migomba. Maji lazima yaingie chini ya kokoto. Yakionekana juu, umefuga mbu. Shuka zikawa seti mbili kwa siku. Shimo refu likaachwa, ikachimbwa mitaro mifupi kwa kina na mipana.

Na karo likapewa fimbo. Ni mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe sehemu ya chini. Unaushusha taratibu mpaka sakafuni, unasubiri dakika mbili tatu, unauvuta bila kuutikisa. Weusi uliobaki kwenye taulo ndio kimo cha tope. Ukifika theluthi ya kina cha maji, ita gari. Ni kazi ya dakika kumi kila miezi sita, na pale hakuna aliyewahi kuifanya: mama alishika jiko na shuka, baba alishika wageni, sola na LUKU.

Sola yenyewe haina mengi. Feni ya dari hula kama wati 70, birika la umeme wati 2,000. Wageni wapewe chupa za chai badala ya mabirika, viyoyozi vibaki kwenye umeme wa TANESCO, mfumo mdogo utatosha.

Nilianza na hapana. Lakini nikiitazama tena nyumba ile, sioni kwamba kutunza mazingira ndiko kulikowaangusha. Waliweka vyumba vinane kwenye kiwanja chenye uwezo wa vinne. Vyumba vinne, wawili kila chumba, ni wageni wanane; kila mmoja lita 120 pamoja na kufua, ni lita 960 kwa siku, na karo la lita 5,000 linazimudu bila papara. Kwa hiyo ndiyo, wafungue, vyumba vinne. Faida itakuwa ya kula na kukarabati. Wanaotegemea kulipia mkopo wa benki wasianze. Na wasinunue kiwanja cha pwani kwa kukitazama wakati wa kiangazi. Wachimbe shimo la majaribio Aprili, waliache usiku kucha, asubuhi wapime maji yamesimama wapi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam