Kabla hujaagiza anime kutoka Japani, uliza ni saini ya nani inayokosekana

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kutoka Japani diski ya Blu-ray ya Macross Frontier, mfululizo wa anime, yaani katuni za Kijapani, uliorushwa huko mwaka 2008 na ambao sikuwahi kuuona ukiuzwa kihalali nje ya nchi hiyo. Nililipia diski, nikalipia usafirishaji, nikalipa na ushuru, kisha nikaipeleka nyumbani Dar es Salaam kwa furaha na kuiingiza kwenye deki. Deki iliisoma kidogo, ikaitema. Nyuma ya kava palikuwa na alama ndogo yenye pembe sita, ndani yake herufi A, na deki yangu ilikuwa ya kanda B, kwa kuwa Afrika imewekwa kanda moja na Ulaya ilhali Japani imewekwa pamoja na Marekani.

Hasira zangu zote niliwaelekezea wasambazaji, nikidhani ni wavivu au hawatuthamini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hata huko Marekani, kwenye wateja wengi na pesa nyingi, mfululizo huo haukuwa umetolewa, na sababu yake ilianza zamani sana.

Macross ya kwanza ilirushwa Japani kuanzia Oktoba 1982 hadi Juni 1983, vipindi 36. Kampuni ya Big West na studio iitwayo Studio Nue ndizo zilizokuwa na wazo na michoro, na Tatsunoko ikaingia katika utengenezaji kwa makubaliano ya kupata haki za kuuza nje. Mwaka 1984 Tatsunoko iliipa leseni kampuni ya Kimarekani ya Harmony Gold. Tatizo likawa kwamba vituo vya televisheni vya Marekani vilivyorusha kipindi kila siku ya kazi vilihitaji vipindi 65 hivi, kwa hiyo Harmony Gold iliiunganisha Macross na mifululizo mingine miwili isiyohusiana nayo kabisa, ikapata vipindi 85, ikauita mseto huo Robotech na kuurusha mwaka 1985. Baadaye ikalisajili jina la Macross kuwa alama yake ya biashara.

Fikiria nyumba ya urithi ambayo mrithi mmoja ana hati ya kiwanja, wa pili anadai ukuta ni wake, na mpangaji amekwisha kupaka jina lake mlangoni. Ndivyo mahakama za Tokyo zilivyoikuta kazi hii: mwaka 2002 zilitamka kwamba michoro ya asili ya wahusika na mitambo ni ya Big West na Studio Nue, na mwaka 2003 kwamba picha za mfululizo wenyewe, kama zilivyorushwa, ni za Tatsunoko. Uamuzi ulikuwa wazi, lakini soko halikufunguka, kwa sababu aliyetaka kuuza Macross mpya Marekani alihitaji ridhaa ya Big West, na akishaipata alikabiliana na mwenye jina, Harmony Gold. Binafsi naona suala la jina ndilo lililoumiza zaidi, maana mifululizo iliyofuata, kama Macross 7 na hiyo Frontier, haikuwa na picha hata moja ya Tatsunoko.

Kwa hiyo, unapoona anime haitolewi nje, anza na mstari mdogo wenye alama ya ©. Kwenye Frontier umeandikwa BIGWEST, mradi wa Macross F, na kituo cha MBS. Kisha tafuta ni nani anayemiliki jina katika nchi nyingine. Muziki nao uuangalie peke yake, hasa katika kazi ambayo waimbaji ndio wahusika wakuu, kwani nyimbo huwa na wenyewe na mikataba yao.

Halafu pima aina ya ugomvi. Ugomvi wa kampuni kwa kawaida ni wa hesabu, na hesabu zikibadilika watu hukaa mezani: Aprili 2021 Big West na Harmony Gold zilitangaza makubaliano yaliyofungua njia kwa sehemu kubwa ya Macross kusambazwa duniani. Aliyesubiri hakusubiri bure, ingawa alisubiri sana. Ugomvi wa watunzi wawili ni jambo jingine. Candy Candy, anime yenye vipindi 115 vilivyorushwa kati ya 1976 na 1979, ilikwama baada ya mwandishi wake, Kyoko Mizuki, na mchoraji wake, Yumiko Igarashi, kufikishana mahakamani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Japani ilithibitisha kwamba hata michoro ya mchoraji haiwezi kutumiwa bila idhini ya mwandishi. Mapatano hayajaonekana tangu hapo. Kwa kazi ya namna hiyo ningekushauri usingoje toleo jipya. Ukikuta nakala halali ya zamani kwa bei unayoimudu, ichukue.

Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kava uione ile herufi. Kwa DVD ni namba ndani ya tufe: Japani ni 2, sisi ni 5. Diski yangu bado ninayo, na siku hizi naichezesha kwa deki ya mtumba iliyotoka Japani. Deki hiyo inataka umeme wa volti 100, basi hesabu na bei ya transfoma.