Albamu ya rock hapa Dodoma: usikimbilie studio kama mimi

Naandika hii kwa wale wa gitaa na daftari mnaoniuliza nimemalizaje albamu ya rock nikiwa hapahapa Dodoma bila kuhamia Dar. Kiukweli nilichelewa karibu mwaka na nusu, na sababu ni moja tu, niliingia studio kabla sijajua nataka nini.

Studio nyingi za huku zimekaa kibongofleva, na siwalaumu maana ndo soko lilipo. Prodyuza anapika biti kwanza, wewe unaingia kwenye kichumba kama kabati unaimba, masaa mawili mmemaliza. Sasa nyimbo zangu mimi zinaanzia kwenye gitaa, kuna sehemu nakimbia kidogo kwenye kiitikio alafu narudi chini taratibu, nilivyowekewa biti ya kompyuta inayoenda mwendo uleule toka mwanzo mpaka mwisho wimbo ukawa kama mtu anaimba huku kafungwa kamba miguuni. Nililipia nyimbo tatu, zote nimetupa. Kwahiyo ukienda kupatana bei lipia siku, usilipie wimbo, ukilipia wimbo kila mtu anataka uishe mapema aingie mteja mwingine.

Ila kabla ya hapo kaa nyumbani na simu yako. Rekodi kila ulichonacho, gitaa na sauti basi, alafu wiki mbili usiguse. Mimi nilikuwa na nyimbo 23, nilivyorudi kusikiliza nikakuta 9 tu ndo zina uhai, zilizobaki ni wimbo mmoja unabadilisha nguo. Inauma lakini inauma bure, studio ingeniuma kwa hela.

Dramu ndo mtihani wenyewe. Chumba cha kupigia dramu za kweli sikupata, tukaishia ukumbi wa kanisa, na nikwambie tu wapiga dramu wazuri mjini hapa watafute makanisani, jamaa wanapiga kila wiki, mkono umetulia. Tulienda mwezi wa saba, kosa kubwa, wenyeji mnaujua upepo wa Dodoma miezi ile, mabati yanagonga mpaka yanaingia kwenye maiki zote. Ikabidi tuwe tunaanza alfajiri kabla upepo haujaamka, saa nne asubuhi tunafungasha. Usiseme usubiri masika, mvua juu ya bati ni balaa zaidi. Na ule ukavu unachezea mbao za gitaa, tyuni kila baada ya wimbo hata kama unahisi liko sawa.

Kingine, mafaili. Kompyuta ya studio moja (jina silitaji) ilikufa na dramu za nyimbo nne ndani, hakuna kopi. Siku hizi kila jioni siondoki bila kukopi kwenye diski yangu, wakinuna wanune.

Alafu zile za simu usifute. Bruce Springsteen wa Marekani albamu yake ya Nebraska ya 1982 alirekodi nyumbani kwa mashine ya kaseti ya traki nne, yaani njia nne tu za kurekodia sauti, ilikuwa ni demo tu ya kuwasikilizisha bendi, walivyojaribu kuzipiga studio na bendi nzima hazikukaa kama anavyotaka, ikabidi kaseti yenyewe ndo iwe albamu. Mimi sio Springsteen, ila wimbo wangu wa saba tuliurudia mara kumi na kitu, dramu, besi, gitaa la umeme, kila kitu kipo sawa na bado haugusi. Mwisho tukaweka ule wa simu niliorekodi sebuleni usiku. Kwa mbali mabati ya jirani yanasikika yakigonga, fundi wa miksi akaniuliza ayapunguze, nikamwambia yaache hivyohivyo.