Sheria na Wewe: "Kijana wangu kakutwa na simu ya wizi, akubali tu yaishe?"

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igoma, Mwanza. Kijana wangu wa pili ana miaka 23, ni fundi wa kuchomelea. Mwezi uliopita alinunua simu ya mtumba kwa mtu wa mtaani kwa shilingi 90,000. Juzi askari kanzu watatu walimfuata kwenye banda lake la kazi, wakamwambia simu ni ya wizi na imefuatiliwa mtandaoni. Leo ni siku ya pili yuko kituoni. Nikienda naambiwa upelelezi unaendelea. Jirani yangu anasema mwanangu akubali tu yaishe, kwa sababu simu amekutwa nayo mkononi. Je, kukutwa na mali ya wizi si tayari hatia? Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa mtihani huu.

Nianze na huyo jirani, maana ushauri wake utamfikisha mwanao pabaya kuliko hao askari watatu. Nilikuwa wakili wa Serikali kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa utetezi, na hizo karatasi za "kubali yaishe" nimezisoma nyingi. Hazimalizi kitu. Zinaingia kwenye jalada, na siku ya kesi zinatolewa mbele ya hakimu kama kielelezo, zina jina lake na dole gumba lake. Mwambie kijana aseme kilichotokea, basi. Asiongeze neno, asipunguze, na asikubali asichokifanya ili arudi nyumbani jioni.

Sasa swali lako. Kukutwa na simu peke yake si kosa. Kosa lililoandikwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kupokea au kubaki na mali huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10, kwa hiyo si jambo la kuchukulia kirahisi. Lakini angalia kosa lenyewe lilivyojengwa: kuna kitendo, yaani kupokea, halafu kuna kilichokuwa kichwani mwake wakati anapokea. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa kuvithibitisha vyote viwili. Kimoja kikikosekana, kosa halipo.

Hicho kilichokuwa kichwani hakionekani kwa macho, kwa hiyo mahakama hukipima kwa mazingira. Simu inayouzwa dukani laki nne, imenunuliwa kwa elfu tisini, saa nne usiku, haina boksi wala chaja, na muuzaji hataki kutaja jina lake: hapo hakimu atasema mnunuzi alikuwa na kila sababu ya kushtuka. Simu hiyohiyo ikinunuliwa mchana, mbele ya mafundi wenzake, na fedha ikalipwa kwa M-Pesa, picha inabadilika kabisa. Kwa hiyo kazi yako ya leo, mama, kabla hujatafuta hela ya wakili, ni hii. Ule ujumbe wa malipo, kama upo, una jina la aliyepokea, tarehe na saa. Utunze. Kama alilipa taslimu, nani alikuwepo? Waandike majina na simu zao sasa hivi, kwa sababu baada ya miezi sita mtu hakumbuki alikuwa wapi Jumanne ile.

Kuna kanuni moja ambayo askari wataitegemea, na ni vizuri uijue. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda si mrefu uliopita, mahakama inaweza kumhesabu kuwa yeye ndiye mwizi au mpokeaji. Lakini Mahakama ya Rufani imeiwekea masharti: mali iwe imekutwa kwake kweli, ithibitike pasipo utata kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Na mshtakiwa akitoa maelezo yanayoingia akilini ya jinsi alivyoipata, hatakiwi kuyathibitisha kama Jamhuri inavyothibitisha kesi yake. Inatosha yakimtia hakimu shaka.

Kwenye simu, hilo sharti la pili ndilo lenye vita. Simu nyeusi zinafanana. Mlalamikaji anapaswa kueleza alama za simu yake kabla hajaonyeshwa, siyo kuonyeshwa kwanza halafu aseme "ndiyo yenyewe". Kila simu ina namba yake ya IMEI. Ukibonyeza *#06# inajitokeza kwenye kioo. Namba hiyo ilinganishwe na risiti au boksi la mlalamikaji. Na pale bandani, askari walipoichukua simu, walijaza hati ya ukamataji mali? Mwanao alisaini? Kuna shahidi aliyesaini naye? Nimeona kesi zikianguka kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye hati haikufanana na ya simu iliyoletwa mahakamani.

Turudi kituoni, maana huko ndiko mwanao aliko usiku huu. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatoa saa nne za msingi za kumhoji tangu awekwe chini ya ulinzi, na zikizidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Kabla ya kuandika maelezo yake, askari lazima amwonye: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo. Akimaliza asomewe, aruhusiwe kurekebisha, ndipo asaini. Asisaini ukurasa mtupu. Asisaini asichosomewa. Kama hajui kusoma vizuri, aombe asomewe taratibu, mstari kwa mstari.

Ungamo lililotolewa kwa polisi linapokelewa mahakamani Tanzania Bara, lakini liwe limetolewa kwa hiari, na aliyelipokea asiwe chini ya cheo cha koplo. Kama mwanao alipigwa au aliahidiwa kuachiwa ili akubali, aseme hivyo mapema, pale upande wa mashtaka unapoomba maelezo yapokelewe. Hapo mahakama itasimamisha kesi kwanza, ichunguze hilo, na mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa Jamhuri. Kama ana jeraha, mwombee fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, akatibiwe. Hiyo fomu ni ushahidi.

Kuhusu siku mbili: sheria inazungumzia saa 24. Kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya muda huo, kwa kosa kama hili anastahili dhamana ya polisi. Nenda kwa mkuu wa kituo mwenyewe, siyo askari wa kaunta, na kitambulisho chako cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Omba kumdhamini. Dhamana haina malipo, na atakayekuomba "ya soda" anakuomba rushwa. Wakikataa bila sababu, wakili anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu ili kijana aletwe na sababu za kumshikilia zielezwe. Kwa msaada usio na malipo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au Chama cha Mawakili Tanganyika.

Akifikishwa mahakamani, shtaka litasomwa na ataulizwa ni kweli au si kweli. Hapa ndipo vijana wengi wanajifunga wenyewe. Anajibu, "Ni kweli, simu nilinunua." Hajakiri kosa, amekiri kununua. Hakimu makini ataandika kuwa amekana. Lakini usimwachie hakimu kazi hiyo: ajibu wazi, "Si kweli." Baada ya hapo msishangae mkiambiwa mje kwa ajili ya kutajwa. Siku ya kutajwa hakuna shahidi, ni kupanga tarehe tu. Kisha kutakuwa na usikilizwaji wa awali, ambapo mambo yasiyobishaniwa yanaandikwa na kusainiwa. Asikubali jambo kwa haraka hapo pia, kwa sababu likishaandikwa halihitaji tena shahidi. Ndipo mashahidi wa Jamhuri wanakuja, na mwanao ana haki ya kuwauliza maswali. Wakimaliza, hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu. Isipokuwepo, kijana anaachiwa huru hapohapo. Ikiwepo, anajitetea, au ananyamaza akitaka. Muda wote huo Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inamhesabu kuwa hana kosa mpaka ithibitike vinginevyo.

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nilikopa shilingi 600,000 kwa mwenye duka la jumla, tukaandikishana. Mzigo wangu wa dagaa ulilowa mvua ukaharibika, nimeshindwa kulipa. Sasa amechukua RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi) na askari ananipigia simu kila siku kwamba nina kesi ya wizi. Kweli naweza kufungwa? – Msomaji, Kigoma.

JIBU: Kwa ulivyoeleza, hiyo ni kesi ya madai. Wizi unahitaji uchukue mali ya mtu kwa nia ya udanganyifu na bila kuwa na haki nayo. Wewe ulipewa fedha kwa ridhaa na mkaandikishana. Kushindwa kulipa si jinai, na askari si mkusanya madeni. Anayekudai aende mahakama ya mwanzo afungue madai.

Ila nikuulize jambo moja, na ujijibu kwa ukweli. Wakati unakopa ulimdanganya? Uliweka rehani pikipiki isiyo yako, au ulimwonyesha mzigo ambao haukuwepo? Kama ndiyo, hapo tunaingia kwenye kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na hiyo ni jinai kamili. Kama sivyo, ukiitwa kituoni nenda, usikimbie, chukua nakala ya mkataba, na ueleze ni deni. Usiandike pale kituoni ahadi ya kulipa usiyoiweza kwa sababu ya kutishwa. Na deni lilipe, ndugu yangu, hata kidogokidogo, na kila unacholipa upate maandishi.

SWALI: Kaka yangu alifutiwa kesi, hakimu akamwambia nenda. Kufika nje ya geti akakamatwa tena kwa kosa lilelile. Hii ni haki kweli?

JIBU: Inauma, na naelewa kwa nini familia inaona kama dhihaka. Inategemea alitokaje. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na kwa kawaida anayetoka kwa njia hiyo hajasafishwa. Anaweza kushtakiwa tena. Lakini kama kesi ilisikilizwa na hakimu akamwona hana hatia, au hana kesi ya kujibu, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo, labda Jamhuri ikate rufaa. Nendeni kwa karani mkaombe nakala ya uamuzi. Maneno ya mwisho ya uamuzi huo ndiyo yatakayowaambia mko wapi. Na hata akishtakiwa upya, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanazuia kufungua kesi kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa.

SWALI: Mdogo wangu amehukumiwa miaka mitano na mahakama ya wilaya. Tuna muda gani wa kukata rufaa?

JIBU: Mfupi. Kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu. Rufaa yenyewe iingie Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na siku mlizosubiri nakala ya mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) na hukumu hazihesabiwi. Akiwa gerezani anaipitisha kwa mkuu wa gereza, kwa hiyo amwone leo. Kama alikiri kosa, anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Niandikie alijibu nini hasa shtaka liliposomwa, neno kwa neno, kama lilivyo kwenye mwenendo wa kesi.