Kabla hujalipia mafunzo ya unasihi

Walimu wenzangu, manesi na hata viongozi wa vikoba huniuliza kozi ipi ya unasihi inafaa, kwa kuwa hapa shuleni kazi ya malezi na ushauri nasaha iko mikononi mwangu. Jibu langu huanza na swali: ratiba ya kozi hiyo ina mazoezi kiasi gani? Kama kutwa nzima ni mada na slaidi, utarudi na cheti, lakini siku mtoto atakapokaa mbele yako analia, utafanya kile ulichozoea.

Na sisi watu wazima tumezoea kutoa neno. Mtu hajamaliza kueleza, tumeshasema: "Pole, ndiyo maisha, muombe Mungu, wenzako wamepitia makubwa zaidi." Nia ni njema kabisa, ila aliyekuja kusema ananyamaza. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kuhusu mambo ambayo msaidizi anapaswa kuwa nayo: kumwelewa mtu kwa namna yeye mwenyewe anavyoyaona mambo yake, kumkubali bila masharti, na kuwa mkweli mbele yake. Kuyasoma ni rahisi. Kuyatenda kunataka mazoezi, tena mbele ya mtu atakayekwambia ukweli.

Zoezi lililonijenga kuliko yote ni la watu watatu: mmoja anasema, wa pili anasikiliza, wa tatu anatazama na kuandika, kisha mnabadilishana. Msemaji alete jambo lake la kweli lakini dogo, kama deni la dukani au kutoelewana na shemeji. Misiba ya kubuni humfanya aigize. Mtazamaji aandike ni wapi msikilizaji alidakia, ni wapi alishindwa kuvumilia kimya akatia ushauri, na ni maswali gani aliuliza. Maswali ndiyo yanayofichua mengi. Ukimwuliza mwanafunzi, "Kwa nini ulitoka nyumbani usiku?" ataanza kujitetea kama yuko mbele ya kamati ya nidhamu. Sema, "Ilikuwaje ukatoka usiku ule?" naye ataanza kusimulia. Akishasimulia, mrudishie ulichosikia kwa maneno yako: "Kwa hiyo kinachokuogopesha ni baba akirudi." Kama umekosea, atakusahihisha, na hapo ndipo mazungumzo huingia ndani.

Angalia pia kama mkufunzi anawajua watu utakaowahudumia. Vitabu vingi vya fani hii vinasisitiza kumtazama mtu machoni. Binti aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa ataona anahojiwa. Mimi huweka viti kwa pembe, naitikia shikamoo yake, namkaribisha akae, kisha nampa muda. Mwalimu wa kiume anayezungumza na msichana akae mahali wanapoonekana bila kusikika. Baraza au kivuli cha mti kinatosha.

Kuna somo moja ambalo lisipokuwemo, tafuta kozi nyingine: mipaka ya usiri. Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia yeyote. Mwambie mapema kuwa mazungumzo yatabaki kwenu, isipokuwa ukiona maisha yake au ya mwingine yako hatarini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa hiyo mafunzo yakutoe ukiwajua afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi.

Wengine hukata tamaa wakidhani kazi hii ni ya wenye shahada tu. Wapo wagonjwa wa kupelekwa kwa wataalamu, na kuwatambua ni sehemu ya mafunzo. Lakini huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi, wanawake wazee wa mitaa ya huko, waliofunzwa kuzungumza na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakufunzwa wakaachwa. Walikuwa na wasimamizi wa kuwaongoza.

Hilo la usimamizi ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza. Mambo tunayosikia ni mazito, na huwezi kwenda kuyasimulia mezani kwa mumeo au mkeo. Unahitaji mzoefu wa kukutana naye kila mara, mjadili kesi bila kutaja majina, akuonyeshe ulipokwama. Kabla hujalipa ada, waulize waandaaji ni nani atakayefanya kazi hiyo baada ya cheti, na mtakuwa mnakutana wapi. Wakisema wataanzisha tu grupu la WhatsApp, tafuta mwenyewe mnasihi mzoefu hospitali ya wilaya au ustawi wa jamii, mkubaliane naye kabla mafunzo hayajaanza.