Mfalme Aliyekufa Bila Komunyo

Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, kwa kurukaruka, na kuna mstari nilioupita kama mtu anayekwepa dimbwi. Ni pale mzimu wa mfalme unapomsimulia mwanawe, Hamlet, jinsi ulivyouawa: alikuwa amelala bustanini, ndugu yake Claudius akammiminia sumu sikioni. Kisha unalalamika kwamba alikufa "unhousel'd, disappointed, unanel'd". Nikashika neno la katikati tu, kwa sababu ndilo nililodhani nalijua. Kwenye insha nikaandika kwamba mfalme alikufa akiwa amevunjika moyo. Mwalimu akanijibu kwa wino mwekundu: "Nani huuawa kwa furaha?"

Tangu siku hiyo, nikisoma tamthilia ya zamani, neno ninaloliona rahisi ndilo ninalolitafuta kwanza, tena kwenye kamusi inayoonyesha maana za kale. "Housel" lilikuwa jina la Ekaristi, yaani Komunyo, katika Kiingereza cha zamani. "Anele" ni kupaka mafuta matakatifu, na "un-" mwanzoni mwa neno hukanusha. Na lile "disappointed" langu lilimaanisha asiyejiandaa, aliyeng'olewa safarini kabla ya kufunga mizigo. Aliyewahi kuona padri akiitwa usiku kumpa mgonjwa Mpako hahitaji maelezo zaidi.

Lakini usiishie kwenye kamusi. Jiulize mhusika amepoteza nini. Mfalme huyu hakuungama, hakupokea Komunyo, hakupakwa mafuta. Ameondoka na dhambi zake zote kichwani, na sasa anaungua hadi zitakasike. Hiyo ni toharani, mahali roho zinapotakaswa baada ya kifo, ingawa hakuitaja kwa jina. Ajabu yake ni kwamba Shakespeare aliandika mnamo 1600, wakati Kanisa la Uingereza lilikuwa limekwisha kuikana toharani, na Hamlet mwenyewe ni mwanafunzi wa Wittenberg, mji wa Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti! Wataalamu wamebishana sana juu ya hilo. Mimi hunitosha kuona kijana aliyesomea huko akitakiwa kumsadiki baba anayetoka mahali ambapo walimu wake wangesema hapapo.

Kisha lifuate neno lilikokwenda. Tendo la tatu, onyesho la tatu, Hamlet anamkuta Claudius amepiga magoti peke yake. Upanga uko mkononi. Zamani nilimwona mwoga tu. Ukikumbuka yale maneno matatu, utaona anapiga hesabu: baba alichukuliwa bila maandalizi, huyu nimchukue akiwa katika sala aende mbinguni? Hicho si kisasi, anasema, ni ujira. Anaurudisha upanga.

Akishaondoka, Claudius anainuka na kukiri kwamba maneno yake yamepaa lakini mawazo yamebaki chini. Hakuwa ametubu hata kidogo.