Kufuli la duka liwe kwa jina lako: majibu kuhusu SSL ya pamoja

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu wanaofungua duka la mtandaoni kwenye seva ya kushiriki, yaani kompyuta moja inayohifadhi tovuti za watu wengi. Bidhaa zimeshapigwa picha, bei zimeshapangwa, wakifika kwenye SSL (ulinzi unaosimba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, na kuleta alama ya kufuli) wanakwama. Nimeyajibu yale yaliyojirudia.

Kampuni inayohifadhi tovuti yangu inasema kifurushi changu kina "SSL ya pamoja" bila malipo. Si inatosha kwa duka?

Haitoshi, na ni vizuri ujue sababu kabla hujapokea oda ya kwanza. SSL ya pamoja maana yake kampuni ina cheti kimoja (faili linalothibitisha jina la tovuti) kilichoandikwa jina lake yenyewe, na wapangaji wote, yaani wenye tovuti kwenye seva hiyo, wanakitumia. Ili kufuli litokee, ukurasa wako wa malipo lazima ufunguke kwa anwani ya kampuni. Hebu jiweke mahali pa mteja. Amezunguka dukani kwako, amechagua viatu, amebonyeza "Lipia". Anatazama juu ya kivinjari: jina la duka limetoweka, pamekaa jina la kampuni asiyoijua, kisha mkwaju (/), kiwimbi (~) na jina la akaunti yako. Huyu ndiye mteja tunayemhimiza kila siku asome anwani kabla ya kuandika namba ya kadi. Akiondoka, amefanya sawasawa na tulivyomfundisha.

Kuna shida nyingine isiyoonekana kwa macho. Duka hukumbuka kikapu kwa vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari), na kivinjari hakipeleki kidakuzi cha tovuti moja kwa tovuti yenye jina jingine. Niliwahi kukesha nikitafuta hitilafu ya namna hii kwenye duka nililokuwa nalitunza. Bidhaa tatu zinaingia kikapuni vizuri, ukibonyeza kulipa kikapu ni kitupu. Programu ilikuwa nzima kabisa. Kilichobadilika ni anwani tu.

Na baya zaidi ni hili: wapangaji wote mkiwa chini ya jina moja, kivinjari kinawahesabu kuwa tovuti moja. JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari) iliyopachikwa kwenye ukurasa wa jirani yako, labda na mtu aliyemdukua, inaweza kusoma yaliyomo kwenye kurasa zako. Hata ukiwa mwangalifu kiasi gani, usalama wako unategemea uangalifu wa watu usiowajua.

Basi nihame seva ya kushiriki, nikodi yangu mwenyewe?

Hapana, hilo si la lazima. Seva ya kushiriki ni jambo moja, cheti cha kushiriki ni jambo jingine. Unaweza kubaki kwenye seva ileile ukiwa na cheti chenye jina la duka lako.

Zamani haikuwa rahisi. Seva ilitakiwa kuonyesha cheti kabla haijajua mgeni anataka tovuti ipi, kwa hiyo kila cheti kilihitaji anwani yake ya IP, yaani namba ya kuitambulisha seva mtandaoni. Kisha ikaja mbinu iitwayo SNI, iliyoelezwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 3546, mwaka 2003. Kwa SNI, kivinjari kinataja jina la tovuti mwanzoni kabisa, nayo seva inatoa cheti kinachohusika. Ilichelewa kuenea kwa sababu Internet Explorer kwenye Windows XP haikuielewa, ila vivinjari vya leo vyote vinaielewa. Kampuni ikikuambia huwezi kupata cheti chako mpaka ulipie IP ya peke yako, tafuta kampuni nyingine.

Cheti cha bure ni dhaifu kuliko cha kulipia?

Usimbaji ni uleule. Let's Encrypt, iliyofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2015, inatoa vyeti bila malipo baada ya kuhakikisha kwamba unaidhibiti tovuti unayoiombea. Vyeti ghali zaidi huongeza uchunguzi wa kampuni iliyo nyuma ya tovuti, na zamani jina la kampuni hiyo lilitokea kwa kijani kwenye kivinjari. Chrome na Firefox waliliondoa hapo mwaka 2019. Kwa duka linaloanza, chukua cha bure, fedha iliyobaki itumie kwingine.

Nimeweka cheti lakini kivinjari bado kinasema ukurasa si salama.

Huenda ni picha. Ukurasa umefunguka kwa https (njia iliyosimbwa), ila ndani yake kuna nembo au picha ya bidhaa ambayo anwani yake bado inaanza na http (isiyosimbwa). Bonyeza F12 kwenye kompyuta, fungua sehemu ya "Console", nayo itakutajia faili kwa faili. Ingia kwenye mipangilio ya duka, badilisha anwani kuu iwe ya https, kisha rekebisha viungo vya zamani ndani ya hifadhidata (chukua nakala rudufu kwanza, tafadhali). Mwisho, elekeza kila anayekuja kwa http aende https kwa 301, yaani agizo la seva kwamba anwani imehama moja kwa moja.

Kama onyo linasema jina halilingani, angalia www. Cheti kinapaswa kutaja majina yote mawili, lenye www na lisilo nayo.

Naweza kuweka SSL kwenye ukurasa wa malipo tu, kurasa nyingine ziwe nyepesi?

Weka SSL kwenye duka zima. Mwaka 2010 programu iitwayo Firesheep ilionyesha jinsi mtu aliye kwenye Wi-Fi ileile ya wazi anavyoweza kunyakua kidakuzi chako na kuingia kwenye akaunti bila nenosiri, kwa sababu tovuti zilikuwa zinalinda ukurasa wa kuingilia peke yake. Tena tangu Julai 2018, Chrome inaandika "si salama" kwenye kila ukurasa wa http. Uzito unaouhofia hutauona.

Cheti changu kinadumu siku 90 tu. Nitakuwa nahangaika kila mara?

Usikihuishe kwa mkono. Hakikisha kwenye paneli ya seva kwamba kinajihuisha chenyewe, halafu rudi baada ya miezi miwili uone kama tarehe imesogea kweli. Muda huu utazidi kupungua: mwaka 2025 jukwaa linalounganisha watoa vyeti na watengeneza vivinjari lilikubaliana kwamba ifikapo Machi 2029 cheti kisizidi siku 47. Anayetegemea kumbukumbu ya kichwa atakuja kuamka duka likiwa na ukurasa mwekundu wa onyo.

Nikishakuwa na SSL, naweza kuhifadhi namba za kadi za wateja ili wasiandike tena?

Nakusihi, usifanye hivyo. SSL inalinda namba ikiwa njiani tu. Ikishatua kwenye seva yako, ambayo unashiriki na wengine, ulinzi huo umekwisha. Ile namba fupi ya nyuma ya kadi, kanuni za PCI DSS (za usalama wa data za kadi) zinakataza kabisa kuihifadhi malipo yakishaidhinishwa. Tumia ukurasa wa kampuni ya malipo: yenyewe ipokee kadi, wewe upokee tokeni (msimbo unaosimama badala ya namba ya kadi) ya kumtambua mteja akirudi. Na kama una faili la oda za zamani lenye namba hizo, lifute leo, pamoja na nakala zake.