Midoli kabatini: wifi acheke tu

Dada, umesema wifi yako alikucheka kwa kuwa una miaka 34 na midoli kumi na minane kwenye kabati la sebuleni, ukauliza kama huo ni utoto. Mimi nasema si utoto hata kidogo.

Pale Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi, kuna nyumba ya wanasesere ya Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri. Aliianza mwaka 1686 hivi, akaipamba kwa zaidi ya miaka 20. Vyombo vidogo vya kaure aliviagiza China kabisa! Gharama zake zilikaribia bei ya nyumba halisi kando ya mfereji. Haikuwa ya mtoto kuchezea hiyo. Hata Barbie wa 1959 aliigwa kutoka kwa Bild Lilli, mwanasesere wa Kijerumani ambaye mwanzoni aliuzwa kwa watu wazima.

Mume wangu ana jezi za mpira zisizopungua arobaini, nyingine hajazivaa kamwe, na hakuna shangazi aliyewahi kumwita mtoto. Sijui kwa nini sisi ndio tuulizwe.

Mimi ningekuuliza mengine: kodi ya nyumba umelipa? Na kabati linapigwa na jua? Jua hufifisha nguo na nywele za midoli. Ukipata Barbie wa zamani, mtazame masikio kwanza, maana hereni zao huacha doa la kijani ambalo kulitoa ni kazi.

Huyo mdoli wako wa kwanza kabisa ulimpata wapi?